Kabla ya Shoka

Mwaka 1521 wakuu wa mji wa Sélestat, katika eneo la Alsace, waliandika kwenye daftari la matumizi kwamba wamewalipa walinzi wa msitu shilingi 4. Kazi yenyewe ilikuwa kuilinda miti siku ya Mtakatifu Tomaso, tarehe 21 Desemba, watu walipokuwa wakijiandaa kwa Krismasi. Ukurasa huo umehifadhiwa katika maktaba ya mji, na wenyeji huutangaza kwa fahari kama cheti cha kuzaliwa cha mti wa Krismasi. Sawa, kila mji una haki ya kujisifu. Lakini ukiusoma bila fahari, utaona kwamba habari yake hasa ni ya askari. Mishumaa haijatajwa, tufaha halijatajwa, nyota ya kileleni haijatajwa. Kinachoonekana ni kwamba watu wanaingia msituni na mashoka, na mji umeona heri ulipe mtu wa kuwatazama.

Miaka 40 baadaye, mwaka 1561, mji wa Ammerschweier, huko huko Alsace, ulitunga kanuni yake ya msitu: kwa ajili ya Krismasi mwenyeji asiwe na zaidi ya mti mmoja, nao usizidi urefu wa viatu 8. Ndivyo walivyopima wakati huo, kiatu baada ya kiatu.

Nimeanza na makarani hawa kwa makusudi. Safari ya familia kwenda kukata mti wa Krismasi kwa kawaida husimuliwa kama habari ya furaha tu: theluji, soksi nene, watoto wenye pua nyekundu, chupa ya chokoleti ya moto. Furaha ipo, siikatai. Ila naona kiini cha siku ile kiko kwenye swali ambalo kila jamii inayokata mti kwa ajili ya sikukuu imelazimika kulijibu kabla shoka halijagusa gome: nani amekupa ruhusa? Ukiyaweka majibu ya jamii mbalimbali kando kwa kando, utawajua watu hao kuliko ukiyatazama mapambo yao.

Tuanze na Wamarekani, kwa kuwa ndio walioigeuza safari hii kuwa shughuli ya siku nzima. Idara ya serikali inayosimamia misitu ya taifa huuza vibali vya kukatia mti wa Krismasi, kwa dola chache tu, bei ikitofautiana msitu kwa msitu. Mtoto wa darasa la nne anaweza kupata kibali cha bure, kupitia mpango wa serikali wa kuwavuta watoto wa umri huo waende kwenye misitu na mbuga. Kibali huja na lebo, na lebo hufungwa kwenye mti kabla haujapakiwa garini. Kisha yako masharti. Chagua mti ambao shina lake halizidi inchi 6 kwa upana. Kisiki kisibaki juu ya inchi 6 kutoka ardhini. Kaa angalau futi 200 mbali na barabara kuu na kambi, usikate kando ya vijito na maziwa, na tafuta mahali ambapo miti imebanana. Sharti ninalolipenda kuliko yote ni hili: usiangushe mti mrefu kwa kutamani kilele chake tu. Huhitaji kuambiwa kwamba yupo mtu aliyewahi kufanya hivyo, akachukua mita mbili za juu zilizonyooka na kuacha shina zima likilala msituni. Kanuni nyingi ni kumbukumbu ya ufedhuli wa mtu ambaye jina lake limesahaulika.

Yule karani wa Ammerschweier angefufuka leo, asingepata shida kuielewa karatasi hii. Lebo moja, mti mmoja, vipimo vilivyowekewa mpaka.

Tazama sasa masharti hayo yanavyoiendesha familia. Gari limeegeshwa pembeni mwa njia ya msitu, minyororo ya matairi iko nyuma, na watoto wanaukimbilia mti wa kwanza wanaouona. Huo uko karibu mno na barabara, haufai. Wanasogea ndani. Mti ulioota porini haufanani na ule wa kwenye kadi: upande mmoja una matawi, upande wa pili umenyimwa jua na jirani yake. Kila mtoto ameshapata wake na kuutetea, na hapo ndipo siku inapotaka kuharibika. Mwishowe mama anakata shauri. Baba anashika msumeno, na kwa kuwa kisiki lazima kiwe kifupi, hawezi kukata akiwa amesimama. Anapiga magoti kwenye theluji, shavu likikaribia ardhi, huku mtu mwingine akilisukuma shina kidogo ili msumeno usibanwe. Waliotunga sharti la kisiki walikuwa wakifikiria msitu, hawakuwa wakifikiria ibada. Hata hivyo wamempigisha baba magoti mbele ya mti, na watoto wameona.

Wameona pia kwamba mti uliochukuliwa ni ule uliosongwa na wenzake. Miti michanga iliyobanana hunyang'anyana maji na mwanga, na moto ukizuka huipanda kama ngazi hadi kwenye vilele vya miti mikubwa. Familia inayokata palipobanana inafanya sehemu ndogo sana ya kazi ya bwana misitu, na inalipa kwa kuifanya.

Sasa tupande Kilimanjaro, ambako swali lile lile liliulizwa kuhusu mti wa kazi, si wa sikukuu. Bruno Gutmann, mchungaji Mlutheri aliyezaliwa Dresden mwaka 1876, alitumwa na misheni ya Leipzig, akafika Uchaggani mwaka 1902. Alikaa miaka mingi, akaandika mila za wenyeji wake kwa bidii ambayo Wazungu wachache wa zama zake walikuwa nayo. Miongoni mwa aliyoyaandika ni jinsi mti uitwao msedi ulivyokatwa ili kuchongwa mizinga ya nyuki. Mwenye mti anauhesabu kuwa dada yake, na kuukata ni kumwoza. Siku moja kabla, anauendea akiwa na maziwa, pombe, asali na nafaka, anausemesha kama anavyosemeshwa mwali anayeondoka nyumbani, anamwambia kwamba sasa anampa mume. Siku ya kukata, yeye hayupo. Wakataji wanafanya kazi yao. Mti ukishalala chini ndipo mwenyewe anapotokea na kulalamika kwamba amenyang'anywa dada yake, nao wakataji wanaanza kumbembeleza.

Aliyehudhuria harusi zetu anaujua mchezo huu. Ndugu wa bibi harusi wanasimama mlangoni, wanajifanya wagumu, wanadai hiki na kile, na upande wa bwana harusi unatoa noti moja moja huku vigelegele vikisikika ndani. Hakuna anayedhani mlango hautafunguliwa. Lakini ukiwa wazi tangu mwanzo, harusi imepungukiwa na kitu, na shangazi watalisema hilo kwa miaka. Malalamiko ya mwenye msedi yana asili hiyo hiyo. Hayakuwa uongo wala hayakuwa uchungu mtupu. Yalikuwa njia ya kutangaza mbele ya watu kwamba kilichoondoka kilikuwa na wenyewe.

Linganisha sasa. Kibali cha Marekani kinaelekezwa kwa mwenye mali, yaani serikali. Mti wenyewe hauambiwi lolote. Yule Mchagga ndiye mwenye mali, hana karani wa kumwomba, na bado anaomba. Hapa ningeweza kuandika kwamba Mwafrika huzungumza na miti ilhali Mzungu huihesabu, na wapo wasomaji ambao wangenipigia makofi. Ushahidi hauniruhusu. James Frazer, mtafiti wa mila, katika kitabu chake The Golden Bough, anawataja wakata miti wazee wa Upper Palatinate, huko Bavaria, waliosemekana kuuomba msamaha mti mzuri na mzima kabla ya kuuangusha. Ni Ujerumani ile ile iliyompeleka Gutmann Kilimanjaro. Tofauti iliyopo ni kwamba mzee wa Bavaria aliomba kwa siri, peke yake, pengine akichelea kuchekwa au kusikiwa na padri. Mchagga aliomba kwa pombe na mashahidi. Ulaya kazi ya ruhusa ilikabidhiwa daftari la mji, na ile sehemu isiyoingia daftarini ikabaki mdomoni mwa mzee mmoja msituni. Uchaggani vyote viwili vilikuwa kitu kimoja.

Mwaka huo huo wa 1902, wakati Gutmann akianza kujifunza Kichagga, Archie Roosevelt, mwana wa Rais Theodore Roosevelt, mwenye umri wa miaka 8, aliuficha mti mdogo ndani ya kabati kubwa la Ikulu ya Marekani, akaupamba akisaidiwa na fundi seremala, na kuishangaza familia asubuhi ya Krismasi. Kisa ni cha kweli. Baba mtu alikiandika katika barua. Ila kimesimuliwa tena na tena kikaongezewa kwamba Roosevelt, mpenda misitu, alikuwa amepiga marufuku miti ya Krismasi nyumbani kwake. Msingi wa marufuku hayo ni mwembamba sana ukilinganisha na kisa chenyewe. Nadhani najua kwa nini watu waliyahitaji. Mti ulioingia nyumbani bila mtu yeyote kuwa amesema hapana hauna hadithi.

Japani wanalijibu swali letu kwa namna ya tatu. Mlangoni mwa nyumba, kwa ajili ya mwaka mpya, huwekwa kadomatsu, pambo la msonobari na mianzi, ili mungu wa mwaka apate mahali pa kushukia. Kwa desturi ya zamani, kwenda mlimani kuukata msonobari huo kulianza tarehe 13 Desemba, na safari yenyewe ilihesabiwa kuwa ni ya kumlaki mgeni. Mtu haombi ruhusa ya kumchukua dada wa mwenzake wala halipi dola. Anakwenda kumpokea anayekuja. Kwa hiyo mwisho wake nao umepangwa. Sikukuu ikiisha pambo huondolewa, mahali pengi tarehe 7 Januari, na katikati ya mwezi huo hukusanywa pamoja na mapambo mengine na kuchomwa katika moto wa jamii nzima, kwani mgeni hurudi kwake kwa moshi. Halafu lipo jambo ambalo sijaliona kwingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ili kubana matumizi na kuiokoa misonobari, baadhi ya miji na vijiji vilianza kuwagawia wakazi karatasi iliyochapwa picha ya kadomatsu, waibandike mlangoni. Mungu wa mwaka anakaribishwa kwa karatasi ya halmashauri. Ukicheka, kumbuka lebo ya Marekani.

Zipo pia jamii ambazo kwa miti fulani jibu lake ni hapana, basi. Kwa Wakikuyu, mugumo ulikuwa mahali pa sala na sadaka, na kuugusa kwa shoka kulikuwa kujitafutia balaa. Katika misitu mitakatifu ya Wamijikenda iitwayo kaya, pwani ya Kenya, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, wazee ndio wenye neno, na mgeni hatoki na chochote alichookota humo. Hakuna safari ya familia inayoweza kupangwa hapo. Nayataja haya ili tusidhani kwamba heshima kwa mti lazima iishie na mti sebuleni.

Warusi nao walipitia jambo la ajabu zaidi: ruhusa ya mti kuwapo kabisa. Wabolsheviki waliupiga vita mti wa Krismasi pamoja na kanisa, mpaka tarehe 28 Desemba 1935 Pavel Postyshev, mmoja wa wakubwa wa chama, alipoandika barua katika gazeti la Pravda akitaka watoto warudishiwe mti, safari hii kwa ajili ya Mwaka Mpya. Mti ukarudi ndani ya siku chache. Postyshev mwenyewe hakudumu. Alipigwa risasi mwaka 1939 katika zile safishasafisha za Stalin, na miti ikaendelea kupambwa.

Nimekaa muda mrefu msituni, ilhali familia nyingi za Ulaya na Marekani zinazotaka kukata zenyewe haziendi msituni. Zinaenda shambani. Mwaka 1901 mkulima mmoja wa New Jersey, W. V. McGalliard, alipanda miche 25,000, na tangu hapo mti wa Krismasi ukawa zao kama mengine. Mti wa kimo cha mtu hivi huchukua takriban miaka 7 kukua, na kila kiangazi unapogolewa ili uwe na ile pembe tatu tunayoidhania kuwa maumbile yake. Familia inapofika inaazimwa msumeno, inapandishwa trela yenye majani makavu, inatembea kati ya mistari iliyonyooka, inakata, inalipa kwa futi, na mti unafungwa wavu na kuwekwa juu ya gari.

Ruhusa iko wapi hapa? Imemezwa na bei. Wala sisemi hivyo kwa dharau. Mtu anayevuna mahindi yake haombi radhi, na mti uliopandwa ili ukatwe hauko mbali sana na hindi. Mkulima atapanda miche mingine masika, udongo wa kilima utashikwa, na ndege watakuwa wamepata viota miaka 7. Kama ni hesabu tu, shamba limejibu swali la wale walinzi wa Sélestat vizuri kuliko walinzi wenyewe. Kinachonishangaza ni kwamba shamba halikuridhika na hesabu. Miti iliyokwisha kukatwa inauzwa kila pembe ya mji, tena bila matope. Kwa nini mtu alipe ili afanye mwenyewe kazi ambayo angefanyiwa? Jibu langu ni kwamba wazazi, hata wasiposema, wanataka watoto wauone mkato. Wanataka wasikie msumeno ukibadilisha sauti unapokaribia upande wa pili, na ule mlio mdogo kabla ya mti kulala. Shamba limeondoa hatari, umbali, theluji na mgambo, lakini halikuthubutu kuondoa hilo.

Hatari nayo haikutoweka, ilihamishwa. Mti upendwao kuliko yote Ujerumani na Denmark ni Nordmann, na mbegu zake kwa sehemu kubwa hutoka milima ya Racha, nchini Georgia, karibu na mji wa Ambrolauri. Kila Septemba wanaume hupanda miti inayofikia mita 30 na zaidi kwenda kuchuma vitunda vyenye mbegu. Wapo walioanguka. Baba wa Hamburg anayepiga magoti shambani na msumeno wa kuazima hajui kwamba mti wake ulianzia mikononi mwa mtu aliyening'inia angani. Katika malalamiko ya mwenye msedi kulikuwa na nafasi ya kumtaja kila aliyehusika. Kwenye risiti ya shamba nafasi hiyo haipo.

Habari ya mti baada ya sikukuu nitaipitia haraka, kwani ina mengi ya kuchekesha na machache ya kufikirisha. Wasweden huuvua mapambo tarehe 13 Januari, watoto wakila peremende zilizoning'inizwa. Katika bustani ya wanyama ya Berlin, tembo hupewa miti ambayo haikuuzwa, nao huitafuna kwa furaha. Marekani, miti mingi husagwa kuwa matandazo, au hupangwa ufukweni kushika mchanga. Ni matumizi mazuri. Lakini bado namwona Mchagga yuko mbele, maana yule dada aliyeozwa hakuisha Januari. Aligeuka mzinga, akapandishwa juu ya mti mwingine, na nyuki wakaingia.

Kwetu Afrika Mashariki, safari ya familia ya kukata mti haijawahi kuwa desturi. Mijini mti wa plastiki umeshinda, unashushwa kutoka juu ya kabati kila Desemba, na wanaoununua hujipongeza kwamba hawajakata kitu. Sina ugomvi na anayeutumia miaka 15. Lakini ni mti pekee katika makala hii ambao haukumlazimu mtu yeyote kuuliza wala kuulizwa.

Nyanda za juu za Kenya, Limuru au Kinangop, wana namna yao, na sijui kwa nini haisifiwi. Saiprasi, mti uliotoka Mexico ukaja kupandwa huku kwa ajili ya mbao, umezunguka mashamba mengi kama ua. Ua wa saiprasi usipokatwa mara kwa mara huota ovyo na kuweka kivuli kwenye viazi. Basi Krismasi ikikaribia, tawi moja lenye afya linakatwa, linasimamishwa kwenye debe la mchanga au mawe, linabandikwa pamba iwe theluji ambayo wengi waliomo nyumbani hawajawahi kuikanyaga, zinafungwa baluni, na kadi zinaning'inizwa. Mti haufi. Ua umepunguzwa. Na kwa kuwa si kila nyumba ina ua wa saiprasi, mtoto mmoja hutumwa kwa jirani na panga mkononi, aseme kwamba mama anaomba tawi la Krismasi. Jirani hutoka nje, hulitazama panga, huutazama ua wake, kisha hutoa masharti: chukua, lakini kata upande wa barabarani, kata chini vizuri, na usiniachie pengo la ng'ombe kupita.